Maswali ya Wasomaji: Kuingia ubaharia kwa uanagenzi

SWALI: Nina miaka 19, nimemaliza sekondari na nataka kuwa ofisa wa sitaha, yaani wa kuongoza meli. Wakala ananiambia nikimlipa ada ataniingiza melini mara moja, vyeti vitafuata. Nimwamini?

JIBU: Hapana, tafadhali usimpe hata senti. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli. Na vyeti havifuati, vinatangulia.

Anza na macho, kabla ya kulipia kozi yoyote. Usiku ofisa huijua meli nyingine kwa taa zake: nyekundu iko ubavu wake wa kushoto, kijani ubavu wa kulia. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia na njia zenu zinakatana, wewe ndiye wa kumpisha. Asiyetofautisha rangi hizo hatapita kwenye sitaha. Wa injini nao hupimwa rangi, ila kwa kiwango chepesi kidogo, kwa hiyo ukikwama huku uliza kuhusu kule.

Macho yakiwa salama, fanya mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama kazini. Utaruka majini kutoka juu ukiwa na jaketi la kuokolea. Mkono mmoja uzibe pua na mdomo, mwingine ulibane jaketi kifuani, miguu iwe pamoja. Usipolibana, maji hulisukuma juu likakupiga kidevuni.

Sasa faida ya uanagenzi. Chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ukiwa kwenye programu iliyoidhinishwa yenye daftari la mafunzo, unahitaji miezi 12 ya kuwa baharini kabla ya cheti cha kwanza cha ofisa. Bila programu ni miezi 36. Kwa njia zote mbili, angalau miezi 6 iwe ya zamu za briji, yaani chumba cha kuongozea meli, chini ya nahodha au ofisa mwenye sifa.

Hapo ndipo wengi huumia. Kadeti, yaani mwanagenzi wa uofisa, anagongeshwa kutu na kupakishwa rangi mwezi baada ya mwezi, anateremka na miezi 12 kamili lakini zamu za briji hazitoshi, na inabidi atafute meli nyingine. Hesabu zamu zako tangu wiki ya kwanza, na mwone mapema ofisa anayesimamia mafunzo. Daftari lisainiwe kazi inapokamilika, si mwisho wa safari, maana ofisa uliyefanya naye kazi huenda keshateremka bandari iliyopita. Kuandika “nilishika zamu” hakutoshi: andika tarehe, saa, ulichofanya, na nani alikusimamia. Piga picha kila ukurasa uliosainiwa.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 17. Asubiri?

JIBU: Si lazima. Umri wa chini wa kufanya kazi melini ni miaka 16, ingawa cheti cha ofisa hakitolewi kabla ya 18. Akiwa chini ya 18, kazi za usiku zimekatazwa isipokuwa pale mafunzo yenyewe yanapozihitaji, na cheti chake cha afya hudumu mwaka 1 tu badala ya 2. Aangalie tarehe hiyo kabla ya kupanda meli ya safari ndefu.