Adapta ya redio koli imeungua: je, ya volti 12 itafaa?

SWALI: Ghalani kwetu walinzi wanatumia redio koli sita za Baofeng UV-5R. Umeme ulikatika, uliporudi adapta mbili zikaungua, ila vitako vya kuchajia vinaonekana vizima. Dukani nimepewa adapta ya ruta ya volti 12, ampea 1. Pini yake inaingia sawasawa, na muuzaji anasema volti mbili za ziada zitachaji haraka zaidi. Nizitumie?

JIBU: Hapana, ndugu. Zirudishe ukiwa bado na risiti.

Kile kidude cha ukutani si chaja. Kazi yake ni kupokea volti 230 na kutoa volti 10 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), basi. Chaja hasa ni kitako: humo ndimo mna saketi ya kudhibiti mkondo na kusimamisha chaji betri inapojaa. Betri ya UV-5R ni ya lithiamu, volti 7.4, yenye seli mbili zilizofuatana. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2, hivyo betri nzima huishia 8.4.

Ukiweka volti 12, chaji haiendi haraka, kwa kuwa kiasi cha mkondo kinapangwa na kitako. Volti za ziada zinageuka joto. Katika vitako vingi vya bei nafuu joto hilo hulibeba transista moja ndogo. Chukua betri iliyoshuka hadi volti 6.8 ikipokea miliampea 400: kwa adapta ya volti 10 transista inachoma wati 1.3 hivi, kwa ya volti 12 inachoma wati 2.1. Itavumilia kwa muda, kisha siku moja itapiga shoti, na hapo hakuna tena cha kuuzuia umeme usiingie wote kwenye betri. Kinachobaki ni saketi ndogo ya ulinzi ndani ya betri yenyewe, na betri feki nyingine hata hicho hazina.

Kwa hiyo soma lebo ya adapta iliyoungua, au maandishi chini ya kitako. Kwa UV-5R yenye kitako cha kawaida utakuta 10V 500mA, kwenye OUTPUT ya adapta au INPUT ya kitako. Volti zilingane kabisa. Ampea zinaweza kuzidi, maana kitako huvuta kinachohitaji tu: ya volti 10 ampea 1 ni sawa. Ya miliampea 300 itachemka yenyewe. Angalia pia mchoro wa duara wenye alama za + na −, unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ni lazima ufanane na wa zamani. Adapta yenye lebo iliyofutika au isiyo na lebo iache dukani, hata kama ni ya bure.

Kabla ya kuichomeka kwenye kitako, ipime kwa mita ya umeme (multimeter). Bila mzigo, yaani ikiwa haijaunganishwa na kifaa chochote, isome kati ya volti 9.5 na 10.5. Adapta nzito za transfoma, zile za zamani, huandikwa 10 zikatoa 14 zikiwa hazina mzigo. Hizo achana nazo. Kisha chaji betri moja mchana ukiwepo, si usiku kibandani mlinzi akiwa raundi. Iliyokwisha kabisa huchukua saa tano hivi. Taa ikiwa kijani, toa betri upime: 8.3 hadi 8.4 ni salama. Ikizidi 8.5, kitako kimeharibika, kitupe. Kitako kuwa vuguvugu ni kawaida. Kisichoshikika kwa kiganja, kizime.

Usijaribu kuchaji betri hizi kwa chaja ya kobe (ile ya kubana betri ya simu), kwani hiyo ni ya seli moja na inaishia volti 4.2. Wala usichanganye vitako: BF-888S inatumia betri ya volti 3.7, na baadhi ya redio za zamani zina betri za nikeli, ambazo chaja yake haijui lini lithiamu imejaa. Betri iliyovimba haichajiwi kwa chaja yoyote.

Kama adapta mpya ina pini mbili, nunua soketi ya kubadilishia yenye fyuzi. Ile tabia ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili pini mbili ziingie huacha pini zikilegea, zinatoa cheche na kuyeyusha soketi.

Kama ghala lina sola, usiunge kitako moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, maana ikichajiwa hupanda hadi 14 na kitu. Weka kibadilishi cha kushusha volti, kirekebishe hadi 10.0 ukiwa na mita mkononi, ndipo uunge kitako. Kifungie skrubu yake kwa tone la gundi, ili mtu asiyejua asije akaizungusha.