Doa kwenye skani ya mifupa
Je, doa moja kwenye skani ya mifupa ya mgonjwa wa saratani ya matiti lina maana ugonjwa umefika mfupani? Hapana, doa moja halitoshi kusema hivyo. Dawa ya mionzi inayodungwa kwa ajili ya kipimo hiki, teknishiamu-99m, hujikusanya popote mfupa unapojijenga upya, kwa hiyo mvunjiko unaopona au viungo vilivyosagika navyo hung'aa kwenye picha. Ndiyo maana baada ya hapo huombwa CT au MRI (vipimo vya picha za kina zaidi) ya sehemu hiyo, na wakati mwingine hukatwa kipande kidogo cha mfupa kikapimwe. Eksirei ya kawaida ikitoka safi isiwatulize haraka: mara nyingi ni mpaka mfupa upoteze kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo tundu lililoliwa na saratani lionekane. Kinyume chake pia hutokea, uvimbe unaokula mfupa bila mfupa kujijenga unaweza kuipita skani ya mifupa bila kuonekana. Madoa mengi yaliyotawanyika kwenye uti wa mgongo, mbavu na nyonga, hayo hushukiwa zaidi. Na tafadhali, maumivu ya mgongo yakija na miguu kulegea au mkojo kuziba, nendeni hospitali siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kipimo.