Nilivyorudi kupanda boti Kibirizi

Kwa miaka tisa sikupanda boti. Kwetu ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na mtu wa huko akikataa boti ni kama amekataa kwao. Bibi alipofariki nilifika Kibirizi, bandari ya boti pale Kigoma, na khanga mbili na mfuko wa sukari. Nikaona ubao wa kupandia unatikisika, magoti yakalegea, moyo ukadunda hadi masikioni. Boti ikaondoka. Bibi akazikwa mimi niko mjini.

Watu walisema nimepagawa, wengine walisema najidekeza. Shemeji mmoja aliona dawa ni kunibeba kwa nguvu. Nilipiga kelele mpaka nahodha akarudi ufukweni, na baada ya siku hiyo hata harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ilinitetemesha. Tafadhali, usimfanyie mtu hivyo.

Aliyenisaidia ni mwanasaikolojia. Alinieleza kuwa hiyo ni fobia: hofu iliyozidi hatari yenyewe, inayodumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kukufanya ukwepe mambo ya maisha yako. (Kuogopa boti iliyojazwa kupita kiasi, isiyo na jaketi okozi, si fobia. Hiyo ni akili, baki nayo.) Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona: kila nilipogeuka kurudi nyumbani nilipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyoilisha hofu. Mwili ulijua nimesalimika kwa kuwa nimekimbia. Haukuwahi kujua kwamba ningesalimika hata kama ningebaki.

Njia aliyonipa, ya kukisogelea unachokiogopa kidogo kidogo, ni ya zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani aliandika alivyomtibu mtoto Peter aliyeogopa sungura: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo, mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda.

Na mimi nilianza na picha. Kisha kukaa ufukweni, kugusa boti iliyovutwa mchangani, kukaa ndani ya boti iliyofungwa kamba. Kila hatua nilitaja hofu yangu kwa namba, 0 hadi 100. Siku ya kamba nilianza na 85. Nilishika ubao wa pembeni, unateleza kwa mawese, nikafumba macho.

"Fungua macho, dada," mwanasaikolojia akaniambia. "Simu weka chini. Kaa tu."

70. 50. Hapo ikagoma muda mrefu. Halafu 30. Hakuna aliyeishusha, ilishuka yenyewe. Nililia.

Kama hofu yako ni ya damu au sindano na huwa unazimia, mwambie mtaalamu mapema. Hapo presha hushuka ghafla, kwa hiyo utafundishwa kwanza kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo. Vidonge vya kutuliza usijinunulie. Baadhi yake mwili huvizoea, na hofu hubaki palepale. Anzia hospitali ya mkoa, kwetu ni Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama. Usawa wa Gombe wimbi lilipiga ubavuni, maji yakanirukia usoni, namba ikapanda hadi 60. Nikabaki nimekaa. Tulipofika, mama alikuwa amesimama majini hadi magotini, khanga ameikunja, amenyoosha mkono anipokee begi. Kesho yake alfajiri alinipeleka kwenye kaburi la bibi.