Kabla hujachanganya uchawi mezani, hesabu kwanza mapumziko

Juzi mdau mmoja kaniandikia inboksi, "Kaka, kwenye Dungeons & Dragons yetu, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, nataka wachawi wote walipie uchawi kwa pointi, hizi sloti, yaani nafasi za kurusha uchawi, zinatuchosha, unaonaje?" Nimeisoma mara mbili nikakaa kimya kwanza, maana hicho ndicho kilichonivunjia meza ya wachezaji mwaka jana na mpaka leo kinaniuma.

Tulikua watano, kila Jumamosi sebuleni kwangu, toleo la 5, wahusika wote levo ya 5. Kwa kitabu wizadi, mchawi msomi, hapo ana sloti tisa, nne za uchawi wa levo 1, tatu za levo 2, mbili za levo 3, zikiisha ndo basi mpaka alale. Woloki, yule mchawi aliyefunga mkataba na jini, ana mbili tu, ila zote za levo 3 na zinarudi kila akipumzika saa moja. Mimi nikaona usumbufu wa nini, si kitabu cha DM, msimamizi wa mchezo, cha 2014 kina sheria ya hiari ya pointi, nikawatia wote humo, na pointi zinarudi mtu akilala tu. Wizadi akapata 27, woloki 10. Tulihesabia vizibo vya soda.

Siku ya kwanza tu wizadi kastuka kwamba mpira wa moto, uchawi wa levo 3, ni pointi 5. Karusha mitano kwenye chumba kimoja, dadu nane za kuumiza kila mmoja, wakati kwa sloti angerusha miwili! Woloki karusha miwili yake, vizibo vikaisha, akakunja mikono. "Kaka, mimi nimekuja kuwaangalia nyie mkicheza?"

Nikaona aibu, nikarekebisha papo hapo, haya zako zirudi kila ukipumzika. Kikomo sikuweka. Jumamosi iliyofuata kaomba mapumziko saba mfululizo nje ya pango, kaingia na pointi 80, vizibo havikutosha ikabidi nikachote maharage jikoni. Wizadi akaokota dadu zake moja moja, akazitia kwenye kimfuko, akasema anawahi daladala. Saa kumi jioni. Hakurudi tena, na yule ni rafiki yangu tangu sekondari.

Sasa nisikilizeni jamani. Nguvu ya woloki iko kwenye saa za kupumzika, haiko kwenye wingi wa sloti. Kitabu kinategemea mapumziko mafupi, yale ya saa moja, kama mawili kwa siku, kwahiyo pointi 10 za asubuhi, 10 baada ya pumziko la kwanza, na 10 baada ya la pili ni 30, karibu sawa kabisa na 27 za wizadi. Ukigusa mapumziko umegusa kila mtu mezani. Siku hizi kwangu pointi za woloki hazivuki 10, mapumziko mafupi ni mawili basi, na wizadi anarusha uchawi wa levo 3 mwisho mara tatu kwa siku. Kalamu na karatasi kwanza! Na waulizeni wachezaji wenu kabla hamjabadilisha, sio mtu keshaumia ndo unaanza kumpigia simu, mimi nimepiga sana na haipokelewi.

Mdau, niambie tu wahusika wenu wako levo gani na huwa mnapumzika mara ngapi kati ya kuamka na kulala, nikupigie hesabu kabla ya Jumamosi.