Barua kwa mwanangu: meli ikikuomba uhamie safari nyingine

Mwanangu Salma,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako nimeupata, na ile barua ya kampuni ya meli uliyoniambatishia nimeisoma mimi, kisha nikamsomea mama yako. Wanakuomba wewe, mumeo, watoto na mama yako muache safari ya Agosti ya kutoka Barcelona, mhamie ya Novemba inayoanzia Piraeus, Ugiriki. Mkikubali mnarudishiwa nusu ya nauli, mnatolewa kwenye vyumba vya ndani mnapewa vyenye roshani, na juu yake pauni 200 kwa kila chumba za kutumia melini. Jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa usiku. Mkwe wangu anaona ni bahati, wewe moyo unasita, na umemkumbuka baba yako aliyemalizia ujana wake kwenye kaunta ya wageni ya meli kama hizo.

Nitakwambia ninavyoona, halafu uamuzi ni wenu wawili.

Kwanza tuliza moyo. Hili ni ombi. Nimeitafuta kwenye barua yote sentensi inayosema safari yenu imefutwa au vyumba vyenu vimechukuliwa, sikuiona. Usipojibu neno, nafasi mliyolipia inabaki pale pale. Hiyo Ijumaa inawabana wao, kwa sababu wanataka kujua wamepata watu wangapi kabla hawajaongeza dau. Nimeshaona ofa ya pili ikija nono kuliko ya kwanza, lakini usikae ukiingojea hiyo, wakati mwingine wanatosheka mapema na shauri linaishia hapo.

Unauliza kwa nini wamewaandikia nyinyi. Watu hudhani meli inajaa pale vyumba vinapokwisha. Kampuni huhesabu kila chumba kwa watu wawili, ndiyo maana utasikia meli imejaa asilimia mia na kitu: hao wa ziada mara nyingi ni watoto, wanaolala kwenye vile vitanda vinavyoshushwa kutoka darini. Lakini cheti cha usalama cha meli kina idadi ya watu, na kila mtu, hata mtoto mchanga, lazima awe na nafasi yake kwenye boti na maboya ya uokoaji. Huo ni mkataba wa SOLAS, wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, uliotungwa 1914 baada ya Titanic kuzama 1912. Sasa Agosti ndio mwezi wa familia Ulaya. Kila mlango una watoto nyuma yake, na idadi hiyo inaweza kufika ukingoni huku vyumba vingine bado havijauzwa. Hapo ofisi inaanza kutafuta wa kuhamishwa, na watu watano ndani ya vyumba viwili vya bei ya chini ndio wa mwanzo kuandikiwa. Wakikutoa wewe wamepata nafasi tano kwa barua moja, na vyumba vyenu wanaviuza upya kwa bei ya leo, ambayo si ile uliyolipa wewe mwaka jana.

Hakuna ubaya ndani yake. Ni biashara, na barua wameiandika kwa adabu. Ila ujue kwamba na wao wana faida yao, usije ukajiona unapewa sadaka.

Tuje kwenye wanachotoa. Nusu ya nauli, nusu ya nauli gani? Mara nyingi wanarudisha kwenye nauli tupu, ukishatoa kodi na ada za bandari, na ada hizo kwa watu watano si kidogo. Uliza wakuandikie kiasi chenyewe kwa tarakimu, na fedha zirudi kwenye kadi uliyolipia, zisigeuzwe hati ya safari nyingine ya mbele.

Hizo pauni 200 ndizo ninazotaka uzitazame kwa makini, maana nimezihudumia mwenyewe. Usiku wa mwisho wa safari kaunta yetu ilikuwa na foleni tangu watu wanapotoka chakula cha jioni. Mtu ameshika karatasi ya hesabu yake, anaona bado ana salio, anataka taslimu. Tunamwonyesha ule mstari wa maandishi madogo: salio halirudishwi, likibaki linapotea meli ikifunga gati. Basi anakimbilia dukani kabla halijafungwa, na baada ya robo saa unamwona anapita na chupa ya manukato na saa ya mkononi ambazo asubuhi hakuwa na haja nazo. Sehemu kubwa ya salio hilo huishia baa, na sisi hatunywi. Lina maana kwenu kama tu linakubalika kulipia bakshishi ya wahudumu. Kampuni nyingi kubwa za Marekani hutoza kiasi cha dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, watoto wakiwemo, kwa hiyo watu watano kwa siku saba wanapita dola 500. Uliza hilo waziwazi.

Roshani ni kitu kizuri, sikatai. Mama yako angekaa pale na kikombe chake akitazama bahari. Lakini Novemba kule jua linazama kiasi cha saa kumi na moja na robo jioni, na ndio msimu wao wa mvua na upepo. Roshani ya Agosti na roshani ya Novemba hazina thamani moja.

Hayo yote yanapimika kwa pesa. Kuna mengine ambayo kampuni haikuyaweka kwenye hesabu yake, kwa sababu haiwajui nyinyi ni nani.

Mama yako ana viza ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, ya tarehe za Agosti, ya kuingia mara moja. Unakumbuka tulivyoitafuta: treni ya SGR mpaka Nairobi, alama za vidole, taarifa za benki, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Viza haisogezwi mbele kama miadi ya daktari. Safari ikihama, hii inakufa na tunaanza upya, tena kwenye ubalozi mwingine, kwa sababu safari sasa ingekuwa ya Ugiriki. Na kuna jambo ambalo watu wa pasipoti za Ulaya hawalifikirii kabisa. Safari yenu ya Agosti inapita Palma, Marseille, Genoa, Civitavecchia na Napoli: Hispania, Ufaransa na Italia, zote Schengen, hakuna pa kutoka. Hiyo ya Novemba inatia nanga Santorini, inakwenda Kusadasi na Istanbul, kisha inarudi Piraeus. Uturuki haimo. Meli ikiingia Uturuki mama yako ametoka Schengen, na kurudi Piraeus kupanda ndege anahitaji kuingia mara ya pili. Kwa viza ya mara moja wangemzuia kupanda meli tangu siku ya kwanza. Nimeona abiria akirudishwa na mizigo yake kwenye kaunta ya gatini kwa sababu hiyo hiyo, familia yake imesimama upande wa pili wa kamba, na hakuna mfanyakazi wa meli mwenye uwezo wa kumsaidia. Nyinyi mna pasipoti za Uingereza, mngepita. Yeye asingepita.

Tungeomba viza ya kuingia mara mbili, ndiyo, na huenda akaipata. Lakini nani anakuhakikishia? Mkishahamia Novemba mkanyimwa viza Oktoba, kampuni haitawarudishia Agosti.

La pili ni goti lake. Bandari zote za safari yenu ya sasa meli inafunga gatini, mtu anateremka kwa daraja, na akichoka anaomba kiti cha magurudumu. Santorini hakuna gati la meli kubwa. Meli inakaa nje kwenye maji ya kina, abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na boti ile inapanda na kushuka na wimbi wakati mtu anavuka kizingiti. Mabaharia wawili wanakushika mikono, wanakwambia ngoja, ngoja, sasa. Kijana anaruka tu. Mtu mwenye goti la mama yako anaogopa, na akiogopa anakanyaga vibaya. Ukifika chini kwenye bandari ya zamani, mji uko juu ya jabali: ama ngazi karibu 600, ama punda, ama gari la kamba, ambalo foleni yake siku zenye meli nyingi inakula nusu ya matembezi. Upepo ukizidi, nahodha anaipita bandari hiyo kabisa. Mama yako nilipomweleza hakusema kitu, akaniuliza tu kama Barcelona kuna ngazi.

Shule nitaipita haraka kwa kuwa wewe unaijua kuliko mimi. Hiyo wiki ya Novemba si ya likizo, umenitajia mwenyewe. England sasa faini ya kumtoa mtoto shuleni bila ruhusa ni pauni 160 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, au 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na wiki nzima inatosha kukufikisha kwenye faini hiyo. Lakini faini si neno. Binti yako ndiyo kwanza anaanza sekondari Septemba, na sipendi akose wiki nzima wakati bado anawajua wenzake na walimu.

Na tiketi za ndege. Zenu za kutoka Birmingham ni za bei rahisi, hazirudishwi. Ya mama yako kutoka Mombasa inabadilishika kwa ada pamoja na tofauti ya nauli. Barua inasema watachangia gharama za kubadilisha ndege "kwa kiasi kinachofaa". Hilo si neno la kutegemea. Kama hakuna kiasi kilichoandikwa, chukulia ni sifuri.

Kwa hiyo, Salma, mimi naona msikubali. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wenu huu mmeutandika kwa kazi. Hizo wiki za jioni ulizokaa na mama yako kwenye simu mkipanga nani alale na nani, zile fomu, ile ruhusa ya mkwe wangu kazini, hakuna nusu ya nauli inayozirudisha. Na zaidi ya hayo, mjukuu wetu wa mwisho mama yako bado hajamshika mkononi. Anahesabu mpaka Agosti. Kumwongezea miezi mitatu, na juu yake shaka ya viza, si jambo dogo kwa mtu wa umri wake.

Sisemi ofa hizi ni mbaya kwa kila mtu. Mngekuwa wawili tu, bila watoto, mnaishi karibu na Southampton na mnapandia meli hapo hapo bila ndege, ningekwambia kubali leo kabla wengine hawajakutangulia. Niliwajua wazee wastaafu waliosafiri karibu bure kwa namna hiyo, begi lao liko tayari mlangoni, Novemba na Agosti kwao ni sawasawa. Walikuwa wageni wetu wenye furaha kuliko wote.

Ninachotaka ufanye ni hiki. Waandikie kabla ya Ijumaa, ijapokuwa si lazima, kwa adabu kama walivyoandika wao: mnashukuru, mnabaki na safari yenu ya Agosti na vyumba vyenu viwili, na mnaomba wathibitishe hivyo kwa maandishi. Ongeza mstari mmoja kwamba kama wana safari nyingine ya kutoka Barcelona inayoangukia ndani ya tarehe za viza ya mama yako, na wako tayari kulipa gharama zote za kubadilisha ndege, mtaisikiliza. Wakileta hiyo, nipigie, tutaipima upya, na mimi huenda nikawa wa kwanza kusema ndiyo. Mmenunua kupitia wakala, kwa hiyo nakala impitie yeye, asije akabofya kitu kwa niaba yenu.

Wakija baadaye na barua ya aina nyingine, isiyoomba, inayosema tu kwamba safari imebadilishwa, hapo mambo ni tofauti. Hutokea meli nzima ikakodiwa na kundi moja, au ikapelekwa chelezoni kufanyiwa matengenezo. Mmenunua Uingereza, na kanuni zenu za 2018 za safari za kifurushi, yaani usafiri na malazi vilivyouzwa pamoja, zinawalinda: kampuni ikibadilisha jambo kubwa la safari, au ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8, mna haki ya kujitoa bila kutozwa na kurudishiwa mlicholipa. Usitie saini wala kubofya "nakubali" kwenye barua ya namna hiyo kabla hatujaongea.

Ukishawajibu, ingia kwenye akaunti yenu ya kampuni uangalie namba za vyumba. Cha mama yako na binti yako kilikuwa mlango wa pili kutoka kwenu, hakikisha hakijasogezwa. Na lile ombi la chakula cha halali pamoja na la kiti cha magurudumu, wapigie uyathibitishe yote mawili mwezi mmoja kabla ya safari, wakupe jina la aliyekujibu.

Mama yako anawasalimu sana, anasema msisahau kumtumia vipimo vya miguu ya watoto, anataka kuwaletea makubadhi.

Baba yako