Uvimbe au Mchochota wa Mapafu?

SWALI: Mimi ni muuguzi mjini Tabora. Ninaandaa somo kuhusu namna "udhibiti wa jeni unavyochangia uvimbe wa mapafu" mtu anapopata jeraha la ghafla la mapafu. Nilipowasomea wenzangu, mmoja aliuliza kama ninazungumzia saratani. Je, nimekosea?

JIBU: Hukukosea sarufi, ila neno uvimbe limebeba maana nyingine wodini, kwani mgonjwa akiambiwa ana uvimbe hufikiria kinundu kinachoota na kukua. Mtazame mrina asali wa Sikonge aliyeumwa na nyuki shavuni: shavu huvimba, hupata joto na huuma. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne za hali hiyo, yaani wekundu, joto, maumivu na uvimbe. Uvimbe, basi, ni dalili moja tu, na hali nzima ninashauri uiite mchochota. Wapo watakaoliona neno hili geni. Waelezee kwa mfano wa nyuki, kisha uwaambie kwamba ndani ya mapafu hapaoti kinundu, bali kuta za vifuko vya hewa huvuja, majimaji yakajaa mahali pa hewa, na mgonjwa akahema kwa shida.

Linalonisumbua zaidi ni "udhibiti wa jeni", kwa sababu kihusishi "wa" hakisemi nani anamdhibiti nani, kama vile "upendo wa mama" unavyoweza kuwa wa mama apendaye au apendwaye. Katika somo lako jeni ndizo zinazodhibitiwa. Protini iitwayo NF-kappaB hushikiliwa nje ya kiini cha seli. Taarifa ya vimelea au ya madhara inapofika, kizuizi chake huvunjwa, nayo huingia kiinini na kuziamsha jeni za kutengenezea TNF na IL-6, ambazo ni saitokini (protini ambazo seli hupashana taarifa kwazo) za kuchochea mchochota. Waweza pia kusema jeni "huwashwa", lakini epuka "jeni zinazowasha", maana msomaji atafikiria upupu.

Ningeandika hivi: "Namna jeni zinavyodhibitiwa huchangia ukali na muda wa mchochota katika jeraha la ghafla la mapafu." Neno ghafla libaki, kwa kuwa "jeraha kali" lingeeleza ukubwa wa madhara, si upesi wa kutokea kwake.