Mimi ndiye yule mmoja

Mkuu mleta uzi, nimesoma maoni yote kuanzia juu hadi hapa. Umeuliza: treni imekatika breki, mbele kuna watu watano relini, pembeni kuna reli nyingine yenye mtu mmoja, na wewe umeshika ule mkono wa kubadilishia njia. Unavuta au unaacha? Kisha ukaongeza lile la pili, la kumsukuma mtu mnene kutoka darajani ili mwili wake uizuie treni. La kwanza wengi mmelijibu kwa neno moja: navuta. Sijaja kubishana. Ila uzi mzima kila mtu amejiweka kwenye mkono wa kuvuta, hakuna aliyejiweka kule pembeni. Mimi nilishakaa pale.

Mwaka 2011 nilikuwa utingo wa semitela. Tulipakia mahindi Kibaigwa, gunia 300, safari ya Mwanza. Breki za tela zilikuwa zinasumbua tangu safari ya nyuma yake. Namkumbuka dereva wangu, nilikuwa namwita Baba Neema, amesimama pale sokoni anamweleza tajiri kwa simu kwamba gari linahitaji fundi, siku moja tu. Sauti ya simu ilikuwa juu, jibu nililisikia mwenyewe: fikisheni mzigo kwanza, gari litatengenezwa likirudi tupu.

Waliopita Sekenke wanaujua ule mteremko wa kushukia Shelui. Unashuka na gia ndogo, breki unaigusa kidogo kidogo. Tulianza vizuri. Baadaye nikasikia harufu ya kuungua, nikatazama kioo cha upande wangu, nikaona moshi unatoka kwenye matairi ya tela. Mshale wa upepo wa breki ukawa unashuka, kengele yake ikaanza kulia. Baba Neema akajaribu kurudisha gia chini, ikagoma kuingia, tukabaki fri, bila gia yoyote. Tani 30 mgongoni, gari liko fri. Injini inakuwa kama haipo, unasikia matairi tu.

Kwenye kona, mbele yetu, Coaster imeharibika. Abiria wameshuka, wengine wamekaa kwenye kivuli chake, wengine wamesimama katikati ya barabara na mizigo yao. Kulia ni korongo. Kushoto ni mwamba uliochongwa kupitisha barabara. Na kwetu dereva anakaa kulia. Kushoto nakaa mimi.

Alikata kushoto.

Kishindo sikikumbuki. Nakumbuka mahindi yanamwagika juu yangu, yananijaa kifuani, na mama mmoja wa kwenye Coaster amekunja kanga yake akaniwekea chini ya shingo, ananiambia, "Usilale mwanangu, niangalie mimi." Nilikuwa namtazama meno, maana macho yake yalikuwa yanalia. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa juu ya goti siku ya tatu. Baba Neema alivunjika mkono. Kwenye Coaster hakuguswa mtu.

Nyie mnasema watano. Mimi mpaka leo sijui walikuwa wangapi. Nilisikia 14, nikasikia 19 pamoja na watoto. Baba Neema hakuhesabu, hakuwa na muda wa kuhesabu. Aliona watu.

Alikuja wodini siku ya sita, mkono umefungwa plasta. Hakuanza na pole. Alivuta kiti akasema, "Dogo, nilikuona. Kabla sijakata nilikutazama, nikaona umeshikilia dashibodi. Nilijua." Nikageukia ukutani. Alikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, akaondoka, kesho yake akarudi. Wiki nzima sikumsemesha. Nilimchukia kwa sababu alinitazama, na huwa najiuliza kama ningemsamehe angekuwa hakunitazama. Nadhani nisingemsamehe.

Pale kitandani nilikuwa na swali moja: alinitumia? Nimekaa nalo miaka, na jibu langu ni hapana. Kilichotakiwa kusimamisha lile lori ni mwamba. Kiti changu kingekuwa kitupu, angekata kushoto vilevile, tena moyo mweupe. Kifo changu hakikuwa na kazi yoyote kwenye mpango wake, kilikaa tu njiani. Yule mnene wa darajani ni kitu kingine kabisa. Mwondoe yeye na mpango wote haupo; wanahitaji nyama na mifupa yake. Ndiyo maana humu wanaosema "navuta" wanasita kusema "namsukuma", na msiwacheke mkiwaita waoga. Wamegusa jambo la kweli.

Binti yangu anasoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, nikamsomea uzi huu. Akaniambia swali hili lilianza mwaka 1967 kwa mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, na kwake mwenye uamuzi ni dereva mwenyewe, yuko kwenye chombo kama Baba Neema. Mtu wa pembeni anayevuta, na yule mnene wa darajani, waliletwa baadaye na Judith Jarvis Thomson wa Marekani. Halafu akanisimulia kesi ya mwaka 1884, nikashindwa kumaliza chakula. Meli ndogo ya Mignonette ilizama ikitoka Uingereza kwenda Australia, wakabaki wanaume wanne ndani ya mashua, hawana maji wala chakula. Nahodha Dudley na mwenzake Stephens wakamuua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa hoi, wakamla. Siku chache baadaye meli ikawaokoa. Mahakama ikasema shida, hata iwe kubwa namna gani, haihalalishi kuua mtu asiye na kosa. Wakahukumiwa kifo, kikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita. Binti anaeleza mambo ya sheria, mimi nimekwama kwa Parker. Mdogo kuliko wote, mtumishi wa chomboni, hana mke wala mtoto wa kumlilia. Yule alikuwa utingo wao. Hesabu ikipigwa, utingo ndiye anayeanza kuonekana ni mmoja tu.

Na jambo jingine. Sisi wa Dodoma treni iliyokatika breki si kitendawili. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilipanda kilima huko Igandu, ikashindwa, ikarudi kinyumenyume hadi kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hapakuwa na reli ya pili wala mtu wa kuvuta chochote. Ndiyo maana swali lako, mkuu, linanikera mahali pamoja: linaanza breki zikiwa zimeshakufa. Linatubana tumhoji dereva wa sekunde tatu, halafu mtu aliyekuwa na siku nzima pale Kibaigwa, mwenye simu mkononi na hela ya fundi, hayumo kabisa kwenye hadithi. Tajiri wangu hakukata usukani. Hajawahi kuja wodini wala nyumbani, na mguu huu wa bandia nilichangiwa na madereva wenzetu.

Kuna aliyesema juu huko kwamba dereva wa aina hiyo anajiokoa mwenyewe tu. Nilimuuliza Baba Neema kuhusu korongo. Alisema aliliona, na aliogopa kufa. Hakuongeza neno la kujitetea, na mimi sikumdai.

Mwaka jana alipita Nala, kwenye kibanda changu ninapoziba pancha. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: kwa nini hukuniita? Hata kusema "ruka" tu? Alikuwa ameshika kifuniko cha valvu, akawa anakizungusha vidoleni muda mrefu. Akasema, "Ningekuita jina lako, mikono isingekata."

Nikammiminia chai. Alipofika nusu kikombe akaniuliza ningefanyaje usukani ungekuwa wangu, na Neema wake ndiye amekaa kushoto. Nilimwambia ningekata. Ila ningemwita.